Nta ya Njia ya Nne

Loice aliolewa Buhehe, Busia upande wa Uganda, mwaka ambao pamba ilizaa mpaka magunia yakakosekana, na mume aliyempata alikuja kumchukua akiwa na gari la mti. Si gari la kupanda. Lilikuwa la urefu wa kiganja, limechongwa kwa kisu likasuguliwa mpaka likang'aa, na Chrispinus alikuwa amelifunga kwa uzi kwenye usukani wa baiskeli yake nyeusi. Walipovuka mpaka kutoka kwao Loice, upande wa Kenya, gari lile lilining'inia mbele yao likichezacheza kila baiskeli ilipogonga jiwe, naye bibi harusi akashindwa kuzuia kicheko.

"Wewe ni mtu mzima," alimwambia. "Gari la kuchezea la nini?"

"Ngoja ulione likishuka," Chrispinus akajibu, akaendelea kukanyaga pedali.

Alipoliona likishuka, Loice alielewa, au angalau alielewa nusu. Siku zile, Uganda ikiwa haijapata uhuru, vijana na hata watu wazima wa Busia na Tororo walikuwa wameshikwa na mchezo huo kama watu walioshikwa na homa. Kila mmoja alichonga gari lake, akalitilia ekseli za spoki za baiskeli, akaficha kipande cha risasi tumboni mwake ili liwe zito. Halikuwa na injini, halikuvutwa kwa kamba, wala halikusukumwa na mtu. Liliwekwa juu ya mteremko wa mbao, likaachiwa, na uzito wake wenyewe ukalipeleka chini. La kwanza kufika ndilo lililoshinda. Ndiyo hivyo tu. Lakini kwa ajili ya hiyo "ndiyo hivyo tu", wanaume wenye ndevu walinuniana kama watu wanaogombea shamba.

Fundi wa mteremko alikuwa Patroba, kaka yake Chrispinus. Alikuwa na karakana uani kwao, pale Buhehe, akitengeneza milango, vitanda na majeneza. Baba yao alikufa Chrispinus akiwa bado anatambaa, na Patroba ndiye aliyemlea. Alimfundisha kushika msumeno, akamlipia mahari. Chrispinus alimwita kaka, lakini alimtazama kama mtu anavyomtazama baba. Patroba kwa upande wake hakuwa mtu wa maneno mengi. Alipopendezwa na jambo alipiga ubao kofi moja, pa, na Chrispinus akajua amesifiwa.

Mteremko wa kwanza wa Patroba ulikuwa na njia nne zilizochimbwa kama mifereji, ili magari yasigongane. Ubaya wake ni kwamba magurudumu yalisugua kingo, na gari zuri likafika chini limechoka kama punda. Asubuhi moja Chrispinus aliacha uji wake mezani, akakimbilia karakana bila viatu. Loice akamfuata na kikombe mkononi.

"Kaka, tuondoe kingo," alisikia mumewe akisema. "Tuweke ufito mmoja mwembamba katikati ya kila njia. Gari lipite juu yake, magurudumu huku na huku. Ufito ulishike gari tumboni, basi."

Patroba alitazama ule mteremko kwa muda mrefu. Kisha, pa.

Baada ya hapo hawakukamatika. Zamani kila mwenye gari alilishika kwa kidole na kuliachia mtu akipaza sauti, na kila mmoja akadai mwenzake ametangulia. Ndugu hawa wawili wakatengeneza lango: ubao wenye vigingi vinne, umefungwa kwa bawaba, ukivutwa na springi ya kiti cha baiskeli. Ukigusa kifyatulio, vigingi vyote vinaanguka kwa mara moja na magari yote yanaachiwa pamoja. Kisha wakaloweka mbao mtoni, wakazikunja juu ya pipa, wakapata mpindo laini pale ambapo mteremko unakutana na tambarare, ili gari lisirukeruke na kupinduka. Watu walianza kuja kutoka Kisoko na Petta kuutazama tu. Loice aliwashonea mifuko ya gunia ya kubebea mbao, na jina la Patroba likawa kubwa pande zote mbili za mpaka.

Mwaka wa sitini na moja, mvua za mwisho wa mwaka zilikuja na hazikujua kuondoka. Mito ilifura, migomba ikalala. Wenye mchezo wa Tororo wakaomba ghala la pamba lililokuwa tupu, wakatangaza shindano kubwa Jumapili baada ya ibada, na mshindi apewe taa ya karabai. Patroba alikubali kuleta mteremko. Siku mbili kabla ya safari aligundua kwamba mbao za njia ya nne zimevimba kwa unyevu. Akazing'oa, akatafuta mvule mgumu, akapiga randa mpaka jasho likamtiririka. Ule mti ulikuwa mkaidi. Alimaliza siku ya safari asubuhi, lori la kuwapeleka Tororo likiwa limeshawasha injini.

Ghala lilijaa watu mpaka kwenye milango. Mvua ilipiga mabati juu, ikanyamaza, ikapiga tena. Wenye magari walipiga kura ya njia, na kila mmoja akakaa na njia yake mchana wote. Hivyo ndivyo ilivyokuwa desturi. Chrispinus alipata njia ya nne.

Alishinda mara ya kwanza kwa urefu wa gari zima. Akashinda ya pili. Loice alikuwa amesimama na wanawake karibu na marobota ya zamani, akapiga kigelegele mpaka sauti ikakatika. Mara ya tatu Chrispinus aliposhinda, kigelegele cha Loice kilikuwa cha peke yake. Watu walikuwa wamenyamaza.

Aliyesema alikuwa Emojong, mtu mrefu wa Tororo ambaye gari lake lilikuwa halijapata kushindwa mahali popote. Hakupaza sauti.

"Hii njia iko na mwenyewe," alisema. "Mimi nasema tu. Busia wanaleta njia, Busia wanashinda."

Watu wakacheka, si kicheko kizuri. Patroba akasimama. Loice alimwona akiwa na uso wa mtu ambaye nyumba yake inavuja mbele ya wageni. Aliuendea mteremko, akapitisha kidole kwenye njia ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alipofika ya nne kidole kiliteleza. Akakinusa. Akakitazama tena, kisha akamtazama mdogo wake.

"Chrispinus," alisema. "Umepaka nta."

"Sijapaka kitu, kaka."

"Nta hii imetoka wapi?"

"Sijui. Lakini si mimi."

"Mbao nimezitoa karakana leo asubuhi. Aliyekaa nazo nyuma ya lori ni wewe." Patroba akamnyooshea viganja. "Nimekulea kwa mikono hii. Unaniaibisha mbele za watu kwa ajili ya taa?"

Loice alingoja Chrispinus akasirike, atukane, apige mtu ngumi, chochote kile. Hakufanya lolote. Alisimama tu kama mtu anayesikia habari za mtu mwingine. Patroba akaichukua karabai mezani, akaiweka mikononi mwa Emojong, na watu wakapiga makofi kwa ajili ya fundi asiyempendelea hata ndugu yake.

Nje ya ghala Chrispinus alishusha baiskeli yake kutoka kwenye lori. Loice alimshika mkono wa shati.

"Nakuja na wewe."

"Mvua itakunyeshea bure. Rudi kwenye lori na shemeji yako."

"Sitaki kukaa naye."

"Loice." Alimwondoa vidole kimoja kimoja, taratibu. "Siwezi kukaa naye ubao mmoja leo. Wewe unaweza. Nitafika kabla yenu, nitawasha moto."

Loice alimwamini. Miaka mingi baadaye aliendelea kujiuliza kwa nini hakung'ang'ania ule mkono wa shati.

Lori lilikwama kwenye matope, watu wakalala humo ndani. Kulipopambazuka walifika kwenye Mto Malaba wakakuta daraja limezama, maji mekundu yakipita juu yake kwa kasi, na watu wachache wamesimama ukingoni wakielekeza vidole. Baiskeli nyeusi ilikuwa imenasa kwenye vyuma vya daraja. Chrispinus walimpata chini kidogo, kwenye mafunjo.

Loice hakulia pale. Alivua kitenge chake cha juu akamfunika miguu, kwa sababu viatu vilikuwa vimechukuliwa na maji, na Chrispinus hakupenda watu wauone mguu wake mmoja, wenye kovu la shoka tangu utotoni. Patroba alipiga magoti kwenye matope, akawa anarudia neno moja tu, "Mdogo wangu, mdogo wangu," mpaka watu wakamwinua.

Jeneza alilitengeneza mwenyewe. Mzee Wesonga, ndugu wa baba yao, alimwambia amwachie fundi mwingine, lakini hakukubali. Nyumba ilikuwa imejaa waombolezaji, vilio vikipokezana, na Loice akaona afadhali atoke kidogo. Mama mkwe akampa kikombe cha chai ampelekee Patroba, ambaye hakuwa ametia kitu tumboni tangu mtoni.

Karakana ilinuka mti mbichi. Patroba alikuwa amempa mgongo mlango, akipiga randa ubao wa mvule uliobaki kutoka kwenye njia ya nne. Ubao ulikuwa mkaidi. Randa ilikwama, akaisukuma, ikakwama tena. Basi akaigeuza tumbo juu, akanyoosha mkono kwenye rafu bila hata kutazama, akachukua kipande cha mshumaa, akaisugua randa tumboni, huku na huku, kama mtu anavyojikuna. Akairudisha kwenye ubao, ikateleza vizuri.

Loice alisimama mlangoni na chai.

"Shemeji," alisema. "Hiyo ni nini?"

"Nini?"

"Hicho ulichoshika."

Patroba akautazama mkono wake. "Mshumaa. Randa ikiwa nzito, unaipaka…"

Hakumaliza. Loice aliona maneno yakimwishia, akaona macho yakihama kutoka kwenye mshumaa mpaka kwenye randa, mpaka kwenye ubao. Patroba akapitisha kidole juu ya ubao ule. Hakukinusa. Hakukuwa na haja.

"Na ile njia ya nne," Loice akasema polepole, "uliipiga randa mti ukiwa mkaidi hivi hivi."

Patroba aliketi chini, kwenye maranda. Alikuwa mwanaume mkubwa, lakini pale alionekana kama mtoto aliyepotea sokoni. Loice hakumpa chai. Aliiweka juu ya meza, karibu na misumari, akatoka. Alipofika katikati ya ua alisikia randa ikianza tena. Alijua kwa mlio wake kwamba haijapakwa kitu. Ilikwama, ikararua, ikakwama. Iliendelea hivyo mchana kutwa. Jeneza walilomzikia Chrispinus lilikuwa na mikwaruzo kila upande, na watu walisema huzuni imeharibu mkono wa fundi.

Matanga yalipokwisha, wazee waliketi uani kuzungumza habari za mjane. Mzee Wesonga alisema lililotarajiwa: Loice bado kijana, hana mtoto, na desturi inajulikana. Patroba ni ndugu wa marehemu, ana nyumba na kazi. Atamrithi.

Loice alikuwa amejiandaa kusema hapana, na alijua hapana hiyo itamgharimu. Kabla hajafungua mdomo, Patroba aliinuka.

"Siwezi," alisema. "Mimi ndiye niliyepaka nta. Sikujua, lakini ni mimi. Ilitoka kwenye randa yangu. Nilimwita mdogo wangu mwizi kwa kosa la mkono wangu, naye akaenda mtoni. Mtanipaje mke wake?"

Mama mkwe, aliyekuwa ameketi kwenye mkeka, alijifunika uso kwa kitenge na kutoa sauti ndogo ambayo Loice hakupata kuisahau. Mtoto wake mmoja alikuwa ardhini, na sasa alikuwa akimpoteza na wa pili.

"Basi Loice aseme mwenyewe," Mzee Wesonga akasema hatimaye.

"Nitakwenda kwa dada yangu," Loice akasema. "Naomba mniruhusu kwa amani."

Wakamruhusu. Alikaa kwa dada yake Anjeline, Busia ya upande wa Kenya, mahali ambapo ukisimama kwenye kizingiti unaweza kuona malori yakingoja kuvuka. Akaanza kushona nguo za watu. Wiki chache baadaye Emojong alifika, akiwa ameishika karabai mbele yake kama mtu aliyebeba mtoto wa mwenzake.

"Patroba alikuja Tororo," alisema. "Alisimama nje ya kanisa, akasema yote mbele ya watu. Mama, mimi nilisema njia iko na mwenyewe. Sikusema iko na mwizi. Lakini neno lilitoka kwangu kwanza." Aliiweka taa chini. "Hii ni ya bwana yako. Alishinda."

"Hakujua njia ilikuwa na nta. Angejua, asingeitaka," Loice akamjibu. "Ipeleke kanisani, baba. Mimi hapa nina kibatari changu."

Emojong alikunywa maji aliyopewa, akaichukua taa akaenda.

Mwaka uliofuata Uganda ikapata uhuru, na katika sherehe watu wakataka tena mchezo wa magari ya mti. Loice alisikia kwa wateja wake kwamba Patroba ametengeneza mteremko mpya na ameleta sheria mpya: hakuna tena kukaa na njia moja. Kila gari lishuke kwenye njia zote nne, kwa zamu, kisha ushindi ujumlishwe. Gari likishinda kwenye njia moja tu, iliyoshinda ni njia. Watu waliipenda sheria hiyo. Huko Tororo, Kisoko, mpaka Malaba, hakuna aliyeshindana tena kwa namna ya zamani. Mwanamke mmoja aliyeleta gauni kupunguzwa kiuno alimsimulia Loice jambo hilo kama habari ya ajabu.

"Yule fundi ana haki," alisema. "Sasa hakuna mtu wa kusingiziwa."

Loice aliuma uzi kwa meno akaukata. "Ni sheria nzuri," alisema.

Siku ya shindano la Busia alivuka mpaka. Hakujua anakwenda kutafuta nini. Alisimama nyuma kabisa, ambapo aliona vichwa vya watu zaidi kuliko magari. Alisikia lango likianguka na mbio ndogo za magurudumu juu ya mbao, kama mvua inayokuja kutoka mbali. Magari yalishuka, yakabadilishana njia, yakashuka tena. Hakuna aliyegombana. Aliyeshindwa alicheka, akampa mwenzake mkono. Loice alitazama vile vicheko, akamwazia Chrispinus akiwa amesimama katikati yao, gari lake likijaribiwa kwenye njia ya kwanza, ya pili, ya tatu. Labda lingeshindwa. Naye angecheka, akapanda lori pamoja na kaka yake.

Watu walipotawanyika alimkuta Patroba akifungua mteremko peke yake. Nywele zake zilikuwa zimeingia mvi. Alipomwona, nyundo ilisimama hewani.

"Shemeji."

"Shemeji. Habari za mama?"

"Yupo. Macho hayaoni vizuri sasa. Anakuulizia." Aliishusha nyundo. "Loice, kila usiku nataka kuja kwako kukuomba msamaha, na kila asubuhi naona sina uso wa kuja nao."

Lori lilipiga honi barabarani.

"Hasira imeisha," alisema. "Ilikwisha bila mimi kujua. Lakini usiniombe niseme hukuwa wewe. Ulimlea, Patroba. Mtu wa nje angemshuku, sawa. Wewe ulimjua."

"Nilimjua," Patroba akasema. "Niliwaogopa wale watu. Ndilo jambo lote. Niliogopa watasema nini."

Jua lilikuwa limeinama, dereva wa lori akaanza kulalamika kwamba anachelewa. Patroba aliinua ncha moja ya ubao mrefu, ncha ya pili ikabaki inaburuzika kwenye vumbi. Loice alitazama mara moja, akafunga kitenge vizuri kiunoni, akaishika ile ncha ya pili. Wakaupeleka mpaka kwenye lori, wakarudi kuchukua mwingine.

Ubao wa mwisho ulipopakiwa, Patroba alisema, "Asante, shemeji."

"Msalimie mama. Mwambie nitakuja Jumapili kumwona."

Akavuka mpaka kwa miguu. Anjeline alikuwa amemwekea ugali na dagaa chini ya sahani iliyofunikwa. Loice aliketi jikoni akala taratibu, na dada yake alipomuuliza nani ameshinda, alitambua kwamba hakutazama.